Krosi ya Kirui

Nimerudisha jezi. Namba tisa imefuliwa na kuanikwa juu ya ua nyuma ya klabu, na atakayeivaa msimu ujao ananizidi mbio na nywele. Jioni ile ya kuagana, wachezaji walio wadogo kwangu waliniuliza nimejifunza nini kwa kucheza mbele miaka yote hii. Sikuwajibu, kwa sababu nilikuwa na sahani ya nyama mkononi na meneja alikuwa bado anahutubia. Najibu sasa. Habari za mshahara na nani alipandishwa cheo sitaziandika. Hizo hata karani anaweza kuwasimulia.

Mimi nilizaliwa Mfangano, kisiwa kilichomo ziwani, na mpira nilijifunza ufukoni. Mtu aliyejifunza kwenye mchanga hupiga kwa nguvu kupita kiasi, maana mchangani mpira ukiugusa taratibu hauendi popote. Nilikuja Kericho mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya mtu wa kampuni ya chai kuniona nikicheza mashindano ya wilaya kule kwetu. Aliniambia kuna kazi kiwandani kwa mtu anayefunga magoli. Alisahau kuniambia kuhusu baridi.

Siku ya kwanza niliteremshwa na lori la majani mabichi mvua ya mawe ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Uwanja ulikuwa mweupe kama mtu amemwaga chumvi. Umejengwa ubavuni mwa kilima, na michai imeuzunguka pande zote, kwa hivyo timu moja hupanda na nyingine huteremka. Kocha alikuwa Mzee Chumo, fundi wa mitambo kiwandani, mtu mfupi mwenye mikono myeusi kwa grisi, aliyekuwa beki zamani. Alinitupia mpira, akanionyesha lango. Nikapiga kama nilivyozoea. Mpira ukapita juu ya lango, ukapotelea kwenye michai.

"Enda utafute," akasema.

Nikaingia kwenye michai, nikatoka nimelowa hadi kiunoni. Nikapiga wa pili, nao ukaenda huko huko.

"Enda utafute."

Tuliendelea hivyo hadi wachumaji wa chai waliokuwa wakirudi na vikapu vyao wakasimama kutazama. Mwishowe akaja karibu, akaushika mguu wangu kama anavyoshika bomba. "Hapa si ziwa," akasema. "Hapa nyasi iko na maji, mpira inateleza yenyewe. Wewe gusa tu. Mwenye nguvu ni yule analeta, si wewe."

Ndilo somo la kwanza, na sijapata la maana zaidi kwa mshambuliaji yeyote wa sehemu hizi.

Kwa jina nilikuwa mfanyakazi wa chumba cha kunyausha majani. Ni chumba kirefu chenye mitaro ya wavu ambamo majani hulazwa na kupulizwa hewa hadi yalegee. Hewa hiyo ina joto kidogo, nami niligundua kwamba viatu vya mpira vikiwekwa chini ya mtaro baada ya mazoezi, asubuhi huwa vimekauka bila kupasuka ngozi. Ukivianika juani vinakuwa vigumu kama mbao; ukivisogeza karibu na moto njumu zinalegea. Jaza karatasi ndani, weka kwenye hewa ya vuguvugu, kisha paka mafuta ya ng'ombe. Msimamizi alilalamika kwamba chai itanuka. Kama kuna mtu nchi za mbali aliyewahi kunywa chai yenye harufu ya soksi, namwomba radhi.

Wesley Kirui alikuwa winga wetu wa kulia. Kwao ni upande wa Kiptere, ambako baba yake alikuwa na shamba dogo la chai na ng'ombe wa maziwa, na alikuwa akija kazini kwa baiskeli, suruali ameifunga kwa kamba ya katani isiingie kwenye mnyororo. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu iliyopinda kidogo, na ukimwona akitembea usingedhani anaweza kumpita mtu. Lakini akifika pembeni karibu na kona, alipiga krosi ambayo sijaona mwingine akiipiga. Haikuwa ya kasi. Ilitoka mguuni kwake ikiwa inaelekea kwa kipa, kipa akatoka kuifuata, halafu ikajikunja na kumwacha amesimama mahali pasipo na kazi.

Wiki za mwanzo nilikuwa nachelewa. Nilitazama mpira, na ukishautazama mpira umechelewa. Siku moja baada ya mazoezi Kirui akanikalisha kwenye nyasi.

"Omera," akasema. Neno hilo la kwetu, maana yake ndugu, alilipata kwa wachumaji, na alilitumia kwangu tu. "Usiangalie mpira. Angalia huu mguu wangu mwingine, huu nasimamia. Nikiukanyaga karibu na laini, kimbia mbele ya beki. Nikiukanyaga mbali, ngoja nyuma yake."

Tangu siku hiyo hatukuhitaji kuitana. Watu walisema tunaelewana kama mapacha. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtazama mguu.

Nilikuwa nimeoa. Mke wangu Akinyi aliishi nami kwenye nyumba za kampuni na watoto wetu wawili, na Jumapili moja Kirui alitupeleka kwao. Mama yake alitupa mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyochanganywa na masizi ya mkaa. Akinyi alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akanywa kidogo kwa adabu. Mama Kirui akacheka. Kabla hatujaondoka Akinyi alikuwa ameomba kikombe cha pili, na baba yake Kirui, mzee asiyependa maneno mengi, alinionyesha ng'ombe wake mmoja mmoja akinitajia majina yao. Nasema haya ili ijulikane tulikuwa watu wa kutembeleana.

Mabeki wagumu nilikutana nao wengi. Mmoja wa Bomet alikuwa na tabia ya kukukanyaga kidole kila kona inapopigwa, kisha anakuuliza kwa upole kama umeumia. Dawa yake ni kusimama nyuma yake, si mbele. Mtu wa kukanyaga hana macho kisogoni. Mwingine alikuwa akinong'ona habari za mama yako mechi nzima. Huyo hana dawa. Mfunge goli, halafu mwulizie habari za mama yake mwenyewe.

Sasa nafika kwenye mwaka ambao mnauulizia kila mara, na ambao wazee wa timu hubadilisha mazungumzo ukitajwa.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Watu wa siasa walipita wakisema nani ana haki ya kukaa wapi, na maneno yao yakashika kama moto kwenye majani makavu. Nyumba za nje ya mashamba zikaanza kuchomwa. Kutoka kiwandani tuliona moshi ng'ambo ya bonde, leo kilima hiki, kesho kile. Sisi tuliotoka upande wa ziwa tuliambiwa tusitoke nje ya geti la kampuni, na wale waliokuwa wamepanga nje waliingia na magodoro yao, wakalala kanisani na kwenye uwanja wa kupokelea majani. Nao wenyeji walioishi karibu na mipaka ya upande wa pili walichomewa vilevile. Maiti walipita barabarani kwa malori kurudi kwao, wa huku na wa kule.

Akinyi akaondoka na watoto kwenye lori lililokuwa linabeba familia. Alinisihi tuondoke wote.

"Utabaki kufanya nini?" akaniuliza. "Mpira wenyewe hauchezwi."

"Utachezwa tena."

"Na nani?"

Nilibaki kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Kuvua samaki nilikuwa nimesahau, kama niliwahi kujua.

Mambo yalipotulia kidogo, wakubwa wa shamba wakaona ni vizuri watu warudi kukaa pamoja, na wakapanga mechi kati yetu na timu ya shamba jirani. Mzee Chumo hakupenda. Alinikuta kwenye mtaro nikigeuza majani.

"Unaweza kataa," akaniambia. "Nitasema uko na jeraha."

"Na wewe kocha unasemaje?"

Alijipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Mimi nasema mpira si dawa ya kila kitu. Lakini ukikosa kucheza, watasema nyinyi wa ziwa mumefukuzwa. Ukicheza, sijui watasema nini."

Nikasema nitacheza.

Asubuhi ya mechi Kirui alinifuata nyuma ya banda la kubadilishia nguo. Alikuwa amekonda. Hakuniita omera.

"Kuna watu walikuja nyumbani jana," akasema. "Vijana. Wengine nilisoma nao. Walimwambia mzee mimi nisikupatie mpira."

"Nisipate kabisa?"

"Kabisa. Walisema wataangalia."

Nilidhani anatania, kisha nikaona jinsi alivyokuwa akitazama kule michai ilikoanzia. Nikamwambia, "Basi usinipe. Cheza na wengine. Mimi nitazunguka zunguka tu."

"Sawa," akasema, na akaingia kuvaa viatu.

Uwanja ulijaa, lakini kwa namna ambayo sijaona tena. Wenyeji walisimama upande wa kilima. Watu wa ziwa walisimama upande wa kiwanda. Kati ya pande hizo, nyuma ya magoli yote mawili, palibaki pengo ambalo hakuna aliyetaka kulijaza. Askari wachache walikaa kwenye gari lao. Watu hawakuongea, na hata refa alipopuliza kipenga, sauti yake ilikuwa kubwa mno.

Kipindi cha kwanza Kirui alifanya alivyoambiwa. Alimpita beki wake, akafika pembeni, akaukanyaga mguu karibu na laini, nami mwili wangu ukakimbia mbele ya beki kwa mazoea. Krosi haikuja. Aligeuka, akarudisha mpira nyuma. Ikatokea tena, na tena. Kila mara nilikimbia, maana mwili haukuelewa habari za siasa. Wachezaji wenzetu waliona. Beki wa wale wengine, mtu niliyezoeana naye, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mmegombana?"

Wakati wa mapumziko Mzee Chumo aligawa machungwa. Hakutoa mafundisho. Alipofika kwa Kirui, alimpa kipande chake, akasimama mbele yake kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kusema, kisha akapita.

Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kwisha bila goli. Mvua ilikuwa imeanza upande wa pili wa bonde na ilikuwa inakuja. Kirui akapata mpira mbali, karibu na laini ya katikati, akaanza kuteremka nao. Alimpita wa kwanza. Wawili wakamfuata, halafu na yule beki wangu akaniacha akaenda kuziba. Nilimwona Kirui akifika pembeni. Aliukanyaga mguu mbali na laini. Nikasimama, nikangoja.

Krosi ikaja. Ilielekea kwa kipa, kipa akatoka, ikajikunja. Nilichofanya ni kuugusa mpira kwa kichwa, kama nilivyofundishwa, na ukaingia.

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Nimefunga magoli mengi, na ninazijua kelele zake zote: za nyumbani, za ugenini, za watu walevi, hata za watu waliokasirika. Siku ile hapakuwa na kelele. Upande wa kilima hawakufanya lolote, nao upande wa kiwanda hawakuthubutu. Nilisikia mpira ukiteremka kwenye nyavu na kugonga chini, na mashine za kiwanda zikiunguruma kwa mbali. Hakuna aliyekuja kunikumbatia. Kirui alikuwa tayari amegeuka, anatembea kurudi mahali pake, kichwa chini, mikono kiunoni. Tukashinda kwa goli hilo, na watu wakatawanyika kila mmoja kwa njia yake mvua ilipofika.

Nilimkuta Kirui anafunga suruali yake kwa ile kamba.

"Lala kwangu leo," nikamwambia. "Nyumba ni tupu."

"Nikilala kwako, kesho itakuwa mbaya zaidi. Na mzee yuko peke yake na mama."

"Basi ngoja gari la askari."

"Nikifika nyumbani na askari pia ni mbaya." Akapanda baiskeli. "Usijali. Ni watu nawajua."

Waliopeleka maziwa alfajiri ndio waliomkuta, karibu na daraja la mbao kabla ya mwinuko wa kwenda kwao. Waliomvamia hawakumwua. Walikuwa wameuvunja mguu wake wa kulia, goti na kifundo, kwa makusudi na kwa uangalifu, kama watu wenye maagizo. Ni Mzee Chumo aliyeniletea habari kiwandani. Aliongea akitazama mashine.

"Atapona?" nikauliza.

"Kutembea atatembea."

Nilitaka kwenda hospitali, Chumo akanizuia. Alisema nikitokea huko nitawaongezea shida, na alisema kweli. Yeye mwenyewe alikuwa akienda, akimpelekea uji na mkate, akirudi na salamu ambazo nadhani alizitunga. Mambo yalipotulia kabisa, nilikwenda hadi kwao. Baba yake alinikuta langoni. Hakunitukana. Aliniambia, "Mtoto amelala," ingawa ilikuwa adhuhuri na nilisikia sauti ya Kirui kutoka ndani. Mzee alisimama pale hadi nikageuka. Ng'ombe waliokuwa nyuma yake walikuwa ni wale wale alionitajia majina. Sikurudi tena wakati wote alipokuwa hai.

Baada ya hapo nilicheza miaka mingi, na mkitazama magoli tu mtasema ndiyo iliyokuwa miaka yangu bora. Nilifunga mengi kuliko zamani. Mawinga walikuja na kwenda, wengine wazuri, mmoja wao yuko kwenu sasa. Lakini kwa msimu mzima wa kwanza nilikuwa nafika mahali ambapo mpira haupo. Nilikuwa nautazama mguu wa kusimamia wa watu ambao mguu wao haukusema kitu. Ikabidi nijifunze upya kutazama mpira kama mtoto, kuchelewa, na kutumia nguvu za mabega. Watu waliliita hilo ukomavu.

Akinyi hakurudi kuishi huku. Alikuja mara moja, akakaa siku chache, akawa anaamka kila gari linapopita. Tukakubaliana abaki kisiwani. Watoto wangu wamekua wakinijua kama mtu wa Krismasi, anayeleta pakiti za chai. Mzee Chumo alistaafu, akarudi shambani kwake, akafa kwa ugonjwa wa kifua kabla ya mvua ndefu za mwaka uliofuata. Nilibeba jeneza lake upande mmoja na wanawe. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtu wa wapi.

Goti langu liliharibika Bomet, kwenye uwanja mkavu, bila kuguswa na mtu. Niligeuka, lenyewe likabaki. Nilipelekwa Longisa, na daktari kijana akaniambia kwa heshima kwamba nikiendelea kucheza nitatumia fimbo kabla ya mvi. Niliendelea msimu mmoja zaidi, zaidi nikiwa benchi. Ushauri wangu hapa ni mfupi: daktari akiongea kwa heshima, mwamini.

Wiki iliyopita, baada ya sherehe yenu ya kuniaga, nilikwenda Kiptere. Nilikuwa nimesikia baba yake alikwisha fariki. Mke wa Kirui, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, alinikaribisha na kuniita shemeji kabla sijajitambulisha, akasema ananijua kwa picha ya timu iliyo ukutani. Kirui alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anakamua. Ana tumbo kidogo sasa. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo.

"Chamgei, omera," akanisalimu kwa lugha ya kwao, kana kwamba tulionana juzi. "Ngoja nimalize huyu, ni mkorofi."

Nikangoja. Tuliongea habari za watoto, bei ya mbolea, na goti langu, ambalo lilimchekesha. Nilikuwa na swali moja nililolibeba miaka yote, na nilijua nisipoliuliza siku hiyo sitaliuliza.

"Kirui. Ile siku. Kwa nini ulinipa?"

Alimaliza titi alilokuwa nalo, akaipangusa mikono.

"Ulikuwa umeachwa peke yako," akasema. "Wote walikuja kwangu. Sasa ningefanya nini na mpira?"

"Lakini ulijua."

"Nilijua. Nilifikiria hiyo maneno kipindi cha kwanza chote. Halafu nikafika pale pembeni, nikakuona umesimama, sikufikiria tena." Akautazama mguu wake, ule ulionyooka mbele yake hata akiwa amekaa. "Kuna siku najiambia nilikuwa mjinga. Mama alikufa akisema nilikuwa mjinga. Na kuna siku kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mtu mmoja alipiga makofi."

"Ilikuwa krosi nzuri," nikamwambia.

"Najua ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliipiga."

Mkewe akatuletea chai. Mawingu yalipoanza kukusanyika nikaaga, naye akasisitiza kunisindikiza hadi barabarani, ingawa njia ile ni ya mteremko na udongo ulikuwa bado unateleza kwa mvua ya jana. Katikati ya njia fimbo yake ikazama kwenye tope, akaiacha, akaweka mkono begani mwangu. Tukashuka hivyo. Uzito wake wote ulikuwa juu yangu, na goti langu likauma kwa kila hatua hadi chini. Sikumwambia.